Kununua Safari ya Kufuata Mbio za Magari: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Kahama, Katoro au Shinyanga mjini hahitaji tena kwenda Arusha wala Dar es Salaam ili auziwe safari ya matembezi. Tangazo humfikia kwenye simu yake: basi litaondoka siku fulani, litavuka mpaka wa Sirari, litawafikisha abiria Naivasha nchini Kenya kushuhudia mbio za magari za Safari Rally, na kuwarejesha nyumbani baada ya siku tano. Malazi, chakula na kiongozi wa msafara vimo ndani ya bei. Nafasi ni chache. Malipo yafanyike kwa namba iliyoandikwa chini ya picha.

Safari ya namna hii ni huduma halali, nayo yaweza kumpa mlaji burudani na kumbukumbu njema. Hata hivyo, inatofautiana na huduma nyingi anazozinunua katika jambo moja ambalo makala haya yanakusudia kulieleza: anayeiuza si mwenye mbio. Yeye anauza basi, kitanda, chakula na uongozi. Tarehe, njia na ratiba ya mbio vimo mikononi mwa watu wengine wasiomjua mlaji wala hawakupokea fedha zake. Katika pengo hilo ndimo akiba ya mlaji inapoweza kupotea, na ndiyo maana tunamshauri alizibe kwa maandishi kabla hajatoa shilingi ya kwanza.

Mbio huahirishwa na huhamishwa

Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na katika miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ilibaki Kenya peke yake. Ilihesabiwa katika Mashindano ya Dunia ya Mbio za Magari (WRC) kuanzia mwaka 1973 hadi 2002, kisha ikaondolewa. Ilipangwa kurejea katika mashindano hayo Julai 2020. Kwa sababu ya janga la UVIKO-19, mbio za mwaka huo zilifutwa, zikafanyika Juni 2021 katika eneo la Naivasha. Mwaka 2022 na 2023 zilifanyika tena mwezi Juni. Mwaka 2024 zilisogezwa hadi mwishoni mwa Machi, wakati wa Pasaka, na mwaka 2025 zikafanyika Machi pia.

Msomaji aone mambo mawili katika historia hiyo fupi. Kwanza, mbio zinaweza kufutwa kwa mwaka mzima kwa sababu ambayo hakuna mwandaaji wa safari awezaye kuizuia. Pili, hata zisipofutwa, zinaweza kuhama kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Aliyezoea kuweka akiba ili asafiri mwezi Juni, baada ya mavuno ya pamba au mpunga kuanza kuuzwa, alilazimika mwaka 2024 kuwa na fedha hizo miezi mitatu kabla.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Huko Alaska nchini Marekani, tangu mwaka 1973 hufanyika kila Machi mbio ndefu za Iditarod, ambamo mbwa huvuta vigari vya kuteleza juu ya theluji kwa takribani kilomita 1,600 hadi mji wa Nome. Wapo wageni wanaolipa ili waongozwe kufuata mbio hizo katika baridi iliyo chini ya sifuri. Mwaka 2003, 2015, 2017 na 2025, theluji ilipopungua katika njia ya kawaida, mwanzo wa mashindano ulihamishiwa Fairbanks, mji ulio zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Anchorage. Mgeni aliyekwisha kulipia chumba upande mmoja alihitaji kujua ni nani atakayegharimia safari ya kwenda upande mwingine. Swali hilo ndilo linalomhusu pia abiria wa Shinyanga.

Anayekuuzia ni nani?

Mchimbaji mdogo wa Geita anaufahamu mfano tutakaoutumia. Tangu soko la madini lilipofunguliwa Geita mwaka 2019, muuzaji wa dhahabu hupeleka mali yake mahali penye mizani, ikapimwa uzito na usafi wake mbele ya macho yake, ndipo bei ikatajwa. Mlaji anaponunua safari anatoa fedha zilezile zilizotoka kwenye duara au karasha. Inafaa naye apime kabla ya kukubali.

Kipimo cha kwanza ni utambulisho wa muuzaji. Chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, anayefanya biashara ya kuandaa na kuuza safari za utalii anatakiwa kuwa na leseni ya biashara ya utalii, maarufu kwa jina la TALA. Usajili wa kampuni au jina la biashara huthibitishwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Basi la abiria nalo linatakiwa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na kwa kuwa litavuka mpaka, liwe na vibali na bima inayotambulika katika nchi linakokwenda. Mlaji ana haki ya kuomba kuonyeshwa nyaraka hizi. Muuzaji halali hachukizwi na ombi hilo.

Tunatofautisha hapa biashara na kuchangiana. Wafanyakazi wa mgodi mmoja au wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa wanaweza kukodi basi pamoja na kugawana gharama bila yeyote kupata faida. Hilo si kosa. Lakini wajue kwamba katika mpango huo hakuna muuzaji wa kudaiwa fidia. Kila mmoja amebeba hatari yake. Waandike angalau ni nani anayeshika fedha, ni watu wangapi wenye mamlaka ya kuzitoa, na zitarejeshwaje basi lisipopatikana.

Maneno “kila kitu kimo”

Kipimo cha pili ni yaliyomo katika bei. Maneno “kila kitu kimo” hayana maana mpaka yafuatwe na orodha. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwandaaji wa kwanza anatangaza safari kwa shilingi 900,000, kila kitu kimo. Wa pili anatangaza kwa shilingi 1,050,000 na kuambatanisha orodha. Mlaji anachagua ya kwanza. Akiwa njiani anaelezwa kwamba chakula kilichomo ni cha asubuhi na usiku tu. Cha mchana ajinunulie. Hema limo, bali godoro na blanketi hukodishwa. Kuna gari dogo la kuwatoa abiria kwenye basi hadi mahali pa kutazamia mbio, nalo lina nauli yake. Jukwaa lenye viti na kivuli lina kiingilio. Nyongeza hizi zikifika shilingi 260,000, safari ya shilingi 900,000 imekuwa ya shilingi 1,160,000, yaani shilingi 110,000 zaidi ya ile iliyoonekana ghali.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha bei mbili, mlaji aombe kila muuzaji aandike yafuatayo:

1. Milo mingapi kwa siku, na kuanzia siku gani hadi siku gani.
2. Mahali pa kulala: jina la mji, aina ya malazi, na idadi ya watu katika chumba au hema moja.
3. Usafiri wa ndani ya Naivasha, kutoka mahali pa kulala hadi njia za mbio, asubuhi na jioni.
4. Sehemu ngapi za mbio msafara utazishuhudia, na kama kuna kiingilio kinacholipwa.
5. Gharama za mpakani, na ni nani atakayezilipa.
6. Muda wa kuondoka na kurejea, pamoja na idadi ya madereva watakaopokezana.

Kipengele cha nne kinahitaji maelezo. Mbio hizi hazikimbiwi katika uwanja mmoja. Zimegawanywa katika vipande vya barabara za vumbi vilivyotawanyika kuzunguka Ziwa Naivasha na Ziwa Elmenteita. Mwaka 2021 vilikuwa vipande 18, vyenye jumla ya takribani kilomita 320. Barabara ya kila kipande hufungwa kabla gari la kwanza halijapita. Msafara ukichelewa, hauruhusiwi kuingia, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa aliyepanga muda. Mtu hawezi pia kuvishuhudia vipande vyote. Mwandaaji anayeahidi kwamba abiria wataona mbio “mwanzo hadi mwisho” anaahidi lisilowezekana, na ahadi hiyo peke yake ni dalili ya kumtilia shaka.

Kianzio, awamu na stakabadhi

Kipimo cha tatu ni namna ya kulipa. Kipato cha ukanda wa dhahabu hakina mwendo mmoja. Mwezi mmoja duara linatoa, miezi mitatu inayofuata linameza. Waandaaji wanalijua hilo, ndiyo maana wengi hukubali kianzio na awamu. Utaratibu huo unamsaidia mlaji, mradi azingatie mambo manne.

Kwanza, kianzio kiwe kidogo kadiri inavyowezekana, na sehemu kubwa ya bei ilipwe karibu na siku ya kuondoka. Kadiri fedha zinavyokaa mikononi mwa muuzaji kwa muda mrefu kabla ya huduma, ndivyo hatari ya mlaji inavyoongezeka.

Pili, malipo yaende kwenye akaunti ya benki au Lipa Namba yenye jina la biashara iliyosajiliwa. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala likiwa la mtu binafsi asiyetajwa popote katika mkataba, mlaji asitishe malipo na kuuliza. Ujumbe wa muamala ni ushahidi, usifutwe.

Tatu, kila awamu ipewe risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) pale muuzaji anapopaswa kuitumia. Picha ya karatasi iliyoandikwa “imepokelewa” haitoshi.

Nne, mkataba useme nini kitatokea mlaji akishindwa kumaliza awamu. Masharti yanayompa muuzaji haki ya kuchukua fedha zote zilizolipwa, hata kama nafasi hiyo ameiuza kwa mtu mwingine, ni masharti ya upande mmoja. Mlaji ayakatae au aombe yarekebishwe kabla ya kutia saini.

Mbio zikifutwa au zikihama

Hapa ndipo kiini cha shauri letu. Mkataba ujibu kwa maandishi maswali haya: mbio zikifutwa, fedha zinarudi kiasi gani na ndani ya siku ngapi? Zikihamishiwa tarehe nyingine, mlaji anaweza kuchagua kati ya tarehe mpya na fedha zake, au analazimishwa kusubiri? Kipande kimoja kikifutwa kwa sababu ya mvua au usalama huku mbio zikiendelea, msafara utapelekwa kwingine?

Turudi kwenye mfano wetu wa safari ya shilingi 900,000. Mlaji amelipa kianzio cha shilingi 300,000 na awamu moja ya shilingi 300,000, jumla shilingi 600,000. Mbio zinaahirishwa kwa miezi mitatu. Mwandaaji amekwisha kulipia malazi kwa shilingi 120,000 kwa kila abiria, fedha ambazo mwenye nyumba hazirudishi. Pasipo kifungu chochote, mwandaaji anaweza kusema, “Fedha zako zipo, tutakwenda tarehe mpya,” na mlaji ambaye tarehe hiyo haimfai akabaki akidai kwa maneno matupu. Palipo na kifungu cha haki, mwandaaji anaonyesha risiti ya shilingi 120,000, anakata kiasi hicho, na kurejesha shilingi 480,000 ndani ya muda ulioandikwa. Pande zote mbili zimeumia kidogo, lakini hakuna aliyeumia kwa yasiyo yake.

Kanuni tunayoipendekeza ni rahisi: gharama inayokatwa iwe ile tu iliyokwisha kutumika na inayothibitishwa kwa risiti. Makato ya asilimia yasiyo na maelezo yahojiwe. Na pale mwandaaji mwenyewe anaposababisha safari kuvunjika, kwa mfano kwa kukosa basi au kwa kutofikisha idadi ya abiria aliyoitaka, mlaji arejeshewe fedha zote.

Baridi, barabara na mpaka

Yapo pia mambo ambayo ni wajibu wa msafiri mwenyewe, ingawa mwandaaji mwema humkumbusha mapema.

Naivasha iko takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, wakati Shinyanga iko zaidi kidogo ya mita 1,100. Katika miezi ya kipupwe, Juni na Julai, usiku wa huko unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo. Mwezi Machi nao hukaribia masika, na vumbi jepesi la barabara za mbio hugeuka tope mvua inaponyesha. Aliyezoea joto la Kahama akilala katika hema kwa shuka moja atajuta. Sweta nzito, jaketi la mvua, soksi na viatu vilivyofungwa si anasa. Mwenye pumu au ugonjwa wa kifua ashauriane na mtoa huduma za afya kabla ya kulipa kianzio, si baada yake.

Njia yenyewe ni ndefu. Abiria wa Geita hufika Mwanza kwa kupitia Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, ambalo limeondoa kusubiri kivuko. Kutoka Mwanza msafara hupita Bunda na Tarime hadi Sirari, kisha Migori na Kisii kabla ya kuelekea Naivasha. Ratiba inayodai kumaliza njia hiyo kwa usiku mmoja na dereva mmoja isikubaliwe. Katika hilo kinachowekwa rehani ni uhai, na hakuna kifungu cha mkataba kinachoweza kuurejesha.

Mpakani, msafiri awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria itolewayo na Uhamiaji. Asitegemee kitambulisho cha taifa peke yake. Awe pia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, hivyo anayechanjwa siku moja kabla ya safari amechelewa. Mwandaaji asiyetaja nyaraka hizi katika tangazo wala katika mkataba hajafanya kazi yake, lakini msafiri atakayerudishwa mpakani kwa kukosa hati yake binafsi atapata ugumu mkubwa kudai fedha.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kumpotosha mlaji. Inakataza maelezo ya uongo kuhusu bei, ubora au idhini ambayo muuzaji hana. Inakataza pia kupokea malipo ya huduma ilhali mpokeaji hana nia ya kuitoa, au hana sababu ya msingi ya kuamini kwamba ataweza kuitoa kwa wakati. Tangazo linalotumia nembo ya mashindano kana kwamba muuzaji ameidhinishwa, au linalodai kuwa nafasi zimebaki tatu wakati basi zima ni tupu, linaweza kuangukia katika makatazo hayo.

Ikitokea tatizo

Mlaji aanze kwa kumwandikia muuzaji. Barua au ujumbe ueleze kilichoahidiwa, kilichotolewa, kiasi kinachodaiwa, na siku za kujibu, tuseme 14. Aambatanishe nakala za tangazo, mkataba, risiti na jumbe za miamala. Tangazo lipigwe picha siku lilipoonekana, kwa kuwa matangazo ya mtandaoni hufutwa pale mgogoro unapoanza.

Asipojibiwa, au asiporidhika na jibu, awasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Wakazi wa Shinyanga na Geita wanaweza kuifikia ofisi yetu ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza. Malalamiko yanayohusu basi yapelekwe LATRA, na yanayohusu leseni ya utalii kwa wizara yenye dhamana ya utalii. Ujumbe wa kitapeli unaodai fedha kwa njia ya simu utumwe kwa namba 15040, na wizi ulio dhahiri, ambapo muuzaji ametoweka na namba zake zimezimwa, uripotiwe polisi bila kuchelewa. Ikiwa aliyepokea fedha ni kampuni ya Kenya, Mamlaka ya Ushindani ya nchi hiyo nayo hupokea malalamiko ya walaji, ingawa kumfuatilia mdaiwa aliye ng'ambo ya mpaka huchukua muda na gharama zaidi. Ni sababu nyingine ya kupendelea muuzaji mwenye ofisi inayofikika.

Mlaji ambaye leo anafikiria kulipia safari kama hii aombe kwanza mambo matatu kwa maandishi: namba ya leseni ya muuzaji, orodha ya yaliyomo katika bei, na kifungu cha marejesho mbio zinapofutwa au kuhama. Akinyimwa lolote kati ya hayo, abaki na fedha zake.